Pikipiki Iliyokimbiza Mazishi

Wenzangu wa barazani Kongowe,

Leo nimeaibika. Tena si mbele ya watu tu. Nimeaibika mbele ya maiti.

Nawaandikia hapahapa msibani Kisarawe, jua halijazama, kwa sababu lori la mbao linarudi kwenu jioni hii na dereva wake ameona mambo yote kwa macho yake. Mdomo wa dereva yule mnaujua. Akifika Kongowe atasema nimefufua wafu. Ni heri mnisikie mimi kwanza.

Lakini kabla hamjacheka, nipeni pole. Mjomba Kondo ametutoka usiku wa kuamkia leo. Wengi wenu mlimwona. Ndiye yule fundi ngoma aliyekuwa akija dukani kwangu, badala ya kukaa anapita anagonga kila debe kwa kidole asikie linasemaje. Baba yangu alipokufa nikiwa sijajua hata kufunga shuka, mjomba ndiye aliyenichukua, akanilisha, akanitahirisha, akaniozesha. Sina la kuongeza hapo. Mtu kama huyo akifa, unabaki kama nyumba iliyoondolewa nguzo ya kati.

Habari ililetwa na huyohuyo dereva. Nilikuwa natoka kuswali, nikamkuta amesimama mlangoni mwa duka, kofia mkononi. Mtu yule kuvua kofia! Nikajua.

"Mwinshehe," akasema, "mjomba wako ametangulia."

Nikasema yale yanayosemwa. Halafu nikakaa kwenye gunia la chumvi.

"Wazee wameniagiza mambo mawili," akaendelea. "La kwanza, sanda ulete wewe. Marehemu mwenyewe aliusia."

Hilo nililijua. Mjomba alikuwa akilisema kila mwaka, na kila mwaka nilikuwa nikimkatiza. "Nguo yake ya kwanza nilimvika mimi," alikuwa akisema, "na yangu ya mwisho atanivika yeye." Nilikuwa nikimwambia ana miaka mingi bado. Naye alikuwa akinijibu nisimpangie Mungu kazi.

"La pili, wanazika baada ya adhuhuri. Wamesema wakisikia pikipiki yako inakuja, watakungoja hata kama jua limepinda. Wasipoisikia, wataendelea. Maiti hawekwi."

Yashikeni vizuri maneno hayo: *wakisikia pikipiki yako*. Ndiyo yaliyoniponza mimi.

Pikipiki yangu mnaijua. Ni ile ya jeshi, iliyobaki baada ya vita, ina kiti kigumu na moyo mwema. Sauti yake ni ya chini, kama mtu anayekoroga uji. Sababu ni kwamba ndani ya bomba lake la moshi mna visahani vya bati vyenye matundu, vimepangwa kwenye chuma kimoja kirefu. Moshi ukitoka kwenye injini unakuja na hasira, unakutana na visahani, unazunguka huku, unapenya kule, mpaka unachoka. Ndipo unatoka nje kwa adabu. Kwa miaka yote nimekwenda nayo namna hiyo, wala sikuwa na ugomvi nayo.

Lakini asubuhi ya leo nilianza kufikiri. (Hapo ndipo palipoharibika.) Kutoka Kongowe hadi Kisarawe ni mwendo. Kuna mchanga, kuna msitu, kuna kile kilima cha mwisho. Sauti ya kukoroga uji itasikika vipi na watu walio nyuma ya kilima, tena msibani, penye vilio?

Sefu akatokea. Sefu wetu, fundi baiskeli. Akanipa pole, akasikiliza, akaizunguka pikipiki.

"Toa visahani," akasema. "Ni skrubu moja tu nyuma. Itasikika mpaka bomani. Halafu itaongezeka nguvu, utafika upesi. Injini ni kama mtu. Ukimziba pua atakimbia vipi?"

Niambieni kama maneno hayo hayaingii akilini. Yaliingia. Yakakaa.

Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa ameshapanda juu ya lori pamoja na akina mama wengine, wanatangulia msibani. Akasikia.

"Baba Zuhura," akaita kutoka juu ya mbao, "chungu ukikifunua, wali hauivi upesi. Mvuke unakimbia bure."

"Mama Zuhura, haya ni mambo ya chuma."

"Haya. Mimi nimesema."

Lori likaondoka. Mimi nikachukua bisibisi.

Msidhani nilisahau heshima ya msiba. Sikusahau. Nilipanga hivi: nitakwenda na ile sauti kubwa mpaka juu ya kilima, wanisikie, wajue nakuja. Pale juu nitasimama, nitarudisha visahani, nitashuka kijijini kimya kama inavyompasa mfiwa. Mpango mzuri! Hata sasa nikiusoma naona haukuwa na tundu.

Visahani vilitoka vyeusi kwa masizi. Nikavifunga kwenye karatasi ya kaki, ileile ninayofungia sukari, nikakaza kwa uzi wa katani. Kisha nikaingia dukani, nikakata bafta nyeupe, nzuri, ile niliyokuwa simkatii mtu yeyote. Nikaweka na pamba na karafuu maiti. Nikaifunga nayo. Kwenye karatasi ya kaki. Kwa uzi wa katani.

(Ndiyo. Mmeshaona. Mimi sikuona.)

Nikapiga kiki.

Wenzangu, mlisikia wenyewe. Kuku wa Kongowe walipanda juu ya mapaa. Mbuzi wa mwalimu alikata kamba. Nilipopita Tumbi watu walitoka nje ya nyumba, wengine wakapunga mkono, na mzee mmoja aliyekuwa juu ya punda wake alishuka kabla punda hajaamua mwenyewe. Pale barabarani, kwenye tambarare, nikifungua mafuta yote, niliona kabisa pikipiki inaruka. Nikasema Sefu ni fundi, Mungu ampe maisha.

Baadaye nimefikiri sana. Sina hakika kama mwendo uliongezeka hata kidogo. Kilichoongezeka ni kelele. Masikio yaliuambia moyo tunakimbia, na moyo ukakubali.

Nikakata kona Kiluvya, nikaacha barabara kuu, nikaingia njia ya msituni. Huko nilikuwa peke yangu. Na niseme jambo moja bila kuficha: nililia. Nililia kwa sauti, kama mtoto, njia nzima ile. Kelele ya bomba ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata mimi mwenyewe sikujisikia. Nyumbani nisingeweza. Dukani nisingeweza. Humo msituni nilimwita mjomba kwa jina lake, nikamwambia aningoje.

Halafu nikafika kwenye kilima.

Mnakijua kile kilima cha kuingilia Kisarawe. Mchanga chini, makorongo kati, mawe juu. Siku zote pikipiki yangu hukipanda polepole kwa gia ya kwanza, inanung'unika lakini inafika. Leo nikaweka gia ya kwanza, nikaipa mafuta. Ikanguruma. Ndege wote wakaondoka mitini. Na haikwenda.

Nikaongeza mafuta. Ikakohoa, ikatema moto kwa nyuma, ikanguruma zaidi. Haikwenda. Nikapunguza. Ikataka kuzimika. Nguvu ile ya chini, ile ya kuvuta mzigo taratibu, haikuwapo. Ilikuwa imetoka pamoja na visahani. Moshi haukuwa na kitu cha kuuzuia, basi ulitoka mbio na kubeba hata ile petroli ambayo haijaungua vizuri, injini ikabaki inameza upepo. Mvuke wa Mama Zuhura. Chungu kilikuwa wazi na wali ulikuwa mbichi.

Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema. Leo nilikuwa nimelikalia.

Katikati ya kilima ikazimika. Kimya kilichofuata kilinitisha kuliko kelele. Jua lilikuwa karibu na utosi. Nikashuka, nikaanza kusukuma. Pikipiki ya jeshi, wenzangu! Walioitengeneza waliipima kwa askari wa Kizungu wanaokula nyama kila siku. Nikasukuma hatua chache, nikapumzika, nikasukuma. Bomba likagusa kanzu yangu. Kanzu ikatoboka tundu la ukubwa wa kisahani cha kahawa. (Ile ya Idi. Ndiyo.)

Hapo nikasikia kengele ya baiskeli nyuma yangu.

Nikageuka, nikataka kulia tena. Alikuwa Mzee Mihambo. Mzee huyu ni Mnyamwezi, alikuja huku ujanani kufanya kazi kwenye mkonge, akaoa Kiluvya, akabaki. Ni mtani wetu. Na wote mnajua mtani msibani ana ruhusa gani. Wafiwa wanalia, yeye anatania. Anaweza kumsema marehemu, kumsema mjane, kuficha majembe ya wachimba kaburi, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mjomba na Mihambo walitaniana tangu mimi sijazaliwa. Sasa alikuwa anakwenda kumzika, amevaa kanzu safi, anaisukuma baiskeli yake kwa mkono mmoja kama mtu anayemshika mtoto kwenda sokoni.

"Shikamoo, Mzee Mihambo."

"Marahaba, mtani. Nilikusikia tangu Kiluvya! Nikasema leo Wazaramo wamenunua treni." Akaizunguka pikipiki, akatikisa kichwa. "Kumbe treni yenyewe ni ya kusukumwa."

"Mzee, nina sanda."

Uso ukabadilika. Hata mtani ana mahali pake pa kusimama.

"Ya Kondo?"

"Ya Kondo. Aliniusia niilete mimi. Jua limekwenda. Watamzika katika nguo nyingine."

"Lete hapa. Mimi nina miguu."

Nikafungua mkoba wa pikipiki, nikatoa kifurushi, nikampa kwa mikono miwili. Akakipokea kwa mikono miwili. Akakifunga kwenye keria ya baiskeli taratibu sana, akakikaza mara mbili. Kisha akapanda kilima bila kugeuka nyuma. Nilimtazama mpaka akapotea, nikashukuru. Nikasema, kama mimi sikufika, angalau sanda yangu itafika.

Wasiwasi ukapungua, nguvu zikaja. Nikasukuma mpaka juu. Nikaiegemeza pikipiki kwenye mti, nikafuta jasho, nikakumbuka mpango wangu: kurudisha visahani, kushuka kwa heshima. Nikatoa bisibisi. Nikatoa kile kifurushi cha pili. Nikakata uzi.

Bafta nyeupe. Pamba. Harufu ya karafuu maiti.

Nikakaa chini palepale mchangani, sanda mapajani.

Nilimwona Mihambo kwa macho ya moyo wangu, anaingia uani, anakipeleka kile kifurushi kwa waosha kwa mikono miwili, anasema, "Hii imetoka kwa Mwinshehe." Nikawaona waosha wanakata uzi. Nikaona masizi.

Sikuwa na njia nyingine. Nikaviringisha sanda, nikaitia shingoni kama shali, nikapiga kiki. Injini ilikuwa imepoa, ikawaka mara moja na kelele yake yote. Upande ule wa pili ni mteremko mpaka kijijini. Nikaenda.

Sasa nijue vipi kwamba bomba lililo wazi lina tabia nyingine wakati wa kushuka? Ukifunga mafuta mteremkoni, petroli ile isiyoungua inaingia kwenye bomba la moto, inalipukia humo. Pa! Nikafunga zaidi. Pa! Pa! Breki zake mnazijua, ni za kuomba dua. Kijiji kikaanza kuonekana kupitia miti. Nikasema, hapana, siwezi kuingia msibani na milio hii. Nitazima kabisa, nishuke kwa upepo tu, kimya.

Nikazima. Nia yangu ilikuwa heshima, Mungu ni shahidi.

Ikawa kimya kweli. Gurudumu linazunguka, injini inazunguka nalo bila moto, na kila inapozunguka inasukuma petroli mbichi ndani ya bomba lile lililokuwa jekundu. Linajaa. Linajaa. Mimi juu naona raha ya kimya, nasikia hata njiwa. Kisha nikasikia mbele yangu watu wengi kwa sauti moja: *La ilaha illa Llah*.

Nikakata kona ya shamba la mihogo. Jeneza hilo hapo! Limebebwa mabegani, linakuja makaburini, na umati mzima wa wanaume nyuma yake.

Na bomba likaamua.

Sijui niuelezeje mlio ule. Mimi mwenyewe nilidhani nimekufa. Moto ulitoka nyuma, moshi mweusi ukafunika barabara, na mlio ukagonga kilima ukarudi tena mara ya pili, kwa wale ambao hawakuusikia vizuri.

Wabebaji waliliweka jeneza chini. Sisemi walilitupa. Waliliweka, ila kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwa mtu anayeweka kitu. Mzee mmoja aliyepigana vita vya Wajapani kule Bama alilala kifudifudi na kuwaamuru wengine walale. Hawakumsikiliza, maana walikuwa wameshaingia kwenye mihogo. Naye alipoona yuko peke yake akawafuata, kwa tumbo. Mwalimu wa madrasa aliyekuwa akiongoza alipita ubavuni kwangu viatu mkononi. Hata dereva wa lori (atakataa!) alivuka boma la miiba.

Pikipiki ikasimama yenyewe. Moshi ukaondoka polepole.

Barabarani tukabaki wawili tu. Mimi na Mjomba.

Wenzangu, hapo sikucheka wala sikuona aibu bado. Tangu alfajiri nilikuwa naomba jambo moja tu, aningoje. Na sasa alikuwa ananingoja, katikati ya njia, hakuna mtu mwingine. Nikashuka. Nikapiga magoti kwenye vumbi. Nikaiona pembe ya sanda aliyovikwa chini ya shuka la jeneza: si bafta yangu. Ni ya duka la hapahapa, ya haraka, imekunjwa vibaya. Nikaishika pembe ya jeneza, nikamsalimia kama nilivyomsalimia kila siku ya maisha yangu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba!"

Naapa nilisikia hivyo. Nilianguka kwa mgongo, sanda yangu ikanifunika uso, nikaanza kutoa shahada.

Sauti ilikuwa imetoka kwenye mihogo. Ikafuatwa na kichwa cha Mzee Mihambo, kisha kanzu yake iliyokuwa safi, na shingoni mwake, kwenye uzi wangu wa katani, vinaning'inia vile visahani vyangu kama hirizi ya mganga.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Sanda umekwishavaa wewe?"

Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Kila mmoja alitoka kwenye mihogo akijipangusa, na kila mmoja alikuwa na sura ya mtu aliyekwenda kuangalia mpaka wa shamba. Mwalimu alikuwa na jani la muhogo kwenye kilemba. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mjomba Salumu, mdogo wake marehemu, akaja mpaka mbele yangu. Nilijua nitapigwa. Hakunipiga.

"Mwinshehe, mzinga huu umeutoa wapi?"

"Ni pikipiki yangu, Mjomba. Nilitaka mnisikie. Mlisema mkiisikia mtaningoja."

Akajipangusa vumbi la mihogo.

"Tulitega masikio tangu asubuhi," akasema. "Shemeji Mwanaidi, mjane mwenyewe, aliwanyamazisha watu wasilie kwa sauti, ili tuisikie pikipiki yako. Tulisikia kitu kinanguruma kule kilimani, tukasema ni katapila la barabara. Pikipiki yako si tunaijua? Ina sauti ya kiungwana. Kaka alikuwa akiisikia tangu iko kilimani, anasema wekeni maji ya kahawa, kijana wangu huyo. Leo hatukuisikia. Ndipo tukasema huji, na mtani alipotuambia unasukuma kilimani tukadhani ni utani wake."

Msinicheke hapo. Mahali pengine pote chekeni. Hapo msicheke.

Ningekuja na sauti yangu ya kukoroga uji, wangenijua. Ningepanda kilima vilevile nilivyokipanda siku zote. Ningefika, ningemvika. Mtu mmoja tu pale kijijini angeweza kuijua pikipiki yangu hata bila visahani, kwa masikio yale yaliyojua kila ngoma na kila debe, na mtu huyo ndiye tuliyekuwa tumemweka chini barabarani.

Nikasema, "Naomba radhi, Mjomba Salumu."

Mwalimu akaulizwa. Marehemu ameshavikwa, akasema, hafunguliwi tena. Lakini maiti anaposhushwa, kuna shuka linaloshikwa juu ya kaburi kumsitiri. Lishikwe la Mwinshehe. Wakaninyanyua. Wabebaji wakarudi kwenye nafasi zao (yule wa kulia mbele aliiangalia pikipiki kwanza), tukaenda.

Tukafika kaburini. Haliingiliki! Mzee Mihambo ameshajilaza ndani, mikono kifuani, visahani juu ya tumbo.

"Mtani, toka, tuzike," wazee wakasema.

"Sitoki. Kondo aliniambia tangu zamani Wazaramo hawajui kuzika, wanajua kucheza ngoma tu. Leo nimeamini. Hapa pana ubaridi mzuri, nami ni mzee."

"Unataka nini?"

"Namtaka mwenye treni."

Nikasogea ukingoni.

"Vyuma hivi nakaa navyo," akasema kutoka chini. "Mpaka arobaini. Na mpaka arobaini pikipiki ile isiwashwe. Utakwenda kwa miguu, kama babu zangu waliobeba mizigo kuja kwenu pwani. Unakubali, ama nilale?"

"Nakubali, mtani."

"Nipe mkono."

Nikampa mkono, nikamvuta juu. Alipofika juu alinishika kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, na nikaona macho yake hayakuwa yanacheka. Akanisukuma nishuke mimi. Nikashuka. Watu wanne wakashika pembe za bafta yangu, ikawa paa jeupe juu yangu, na mwanga wake ukaingia mpaka kwenye mwanandani, pale pa kumlaza. Mjomba akateremshwa. Nikampokea upande wa kichwa. Alikuwa mwepesi. Kichwa kile kikalala mkononi mwangu, nikakiweka kwenye udongo, taratibu.

Tuliporudi nyumbani Mama Zuhura akaniambia mambo ya ndani. Mihambo alikabidhi kifurushi kwa adabu zote. Waosha wakakifungua mbele ya wanawake. Visahani vikatoka vyeusi, masizi yakamwagika. Mihambo aliyekuwa mlangoni akachungulia, akasema, "Poleni, Wazaramo. Sikujua mmefilisika kiasi cha kumvisha mtu bati." Na Mama Zuhura anasema Bi. Mwanaidi, ambaye tangu alfajiri hakuwa ametoa hata chozi, alicheka. Alicheka mpaka akalia, na alipolia ndipo wakajua atapona.

Kuhusu wali hakusema kitu. Alinipakulia tu, akaondoka.

Basi ndiyo hayo. Pikipiki nimeifunika kwa gunia nyuma ya nyumba ya mjomba. Watoto wa hapa wameshajua mchezo: mmoja anajaza hewa mashavuni anapasua "pa!" na wengine wanakimbilia kwenye mihogo. Nawaomba mtakapokuja matanga msiwafundishe mingine. Mwambieni Sefu asikae barazani kesho wala keshokutwa. Sina nia mbaya. Nataka tu kumziba pua nione kama atakimbia.

Ile bafta Bi. Mwanaidi ameikung'uta mchanga, ameikunja, ameitia kwenye sanduku lake. Amesema sasa ni yake, na siku yake ikifika nisihangaike kuleta nyingine, nije mimi tu, ila nije na baiskeli. Nimemwambia nitakuja kwa miguu, nianze safari mapema.